Wanakuja ibadani kila Jumapili, lakini Biblia hawaisomi: tufanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa mafundisho ya Biblia katika usharika wetu. Watu wetu hawakosi ibadani. Wanaimba, wanatoa, wanafunga na kuomba. Ila nyumbani Biblia haifunguliwi. Mwaka huu tulichapa kalenda za kusoma Biblia nzima kwa miezi kumi na miwili tukamgawia kila mmoja. Nilipouliza mwezi wa pili, waliokuwa bado wanaendelea walikuwa watatu. Wengine wananiambia wazi, "Mwalimu, nikisoma sielewi, namsubiri mchungaji." Mchungaji ameshahubiri mara kadhaa juu ya uvivu wa kusoma Neno. Akimaliza watu wanalia, wiki ikipita ni yale yale. Tufanye nini ili wapende kusoma, na wakisoma waelewe? Na hizi kalenda zilizobaki tuzifanyie nini?

JIBU:

Mpendwa mwalimu,

Huyo aliyekwambia "nikisoma sielewi, namsubiri mchungaji" usimhesabu kuwa mvivu. Amekupa sababu, tena ndiyo sababu yenyewe. Mtu mzima, mwenye kazi na familia, anayeheshimika mbele za watu, hawezi kuendelea kwa muda mrefu na jambo linalomfanya ajione mjinga kila anapoligusa. Atalikwepa kwa adabu. Atasema hana muda, atasema amechoka, atasema ataanza kesho, na yote hayo yatakuwa na ukweli kidogo. Lakini chini yake liko lile asilopenda kulisema hadharani: alifungua, akasoma, hakuambulia kitu.

Sisi tunaofundisha tumezoea kuanza na hamu. Tunadhani watu wakihamasishwa vya kutosha watasoma, na wakisoma sana wataelewa. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, mambo huenda kinyume. Mtu huelewa kwanza, hata kama ni kipande kidogo tu, na hamu humjia kwa sababu ameelewa. Kwa hiyo lile uliloliweka mwisho, "wakisoma waelewe," ndilo nitakaloanza nalo.

Soma tena Nehemia sura ya 8, safari hii ukiwa na swali lako mkononi. Watu wamekusanyika kama mtu mmoja, wanaume kwa wanawake, na wao ndio wanaomwomba Ezra alete kitabu. Anasoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, amesimama juu ya mimbari ya mti. Walawi wanawafahamisha watu torati, na mstari wa 8 unasema walisoma kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata watu wakayafahamu yaliyosomwa. Kisha watu wanaanza kulia. Hapo ndipo wengi wetu tungefurahi tukasema Neno limewagusa. Nehemia, Ezra na Walawi hawakufanya hivyo. Waliwanyamazisha, wakawaambia siku hii ni takatifu, nendeni mkale kilichonona, mkanywe kilicho kitamu, mkawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Mstari wa 12 unasema watu wakaenda zao, wakafanya furaha nyingi, kwa sababu wameyafahamu maneno waliyohubiriwa.

Furaha yao ilitokana na kuelewa. Halafu angalia mstari wa 13: siku ya pili wakuu wa mbari wakarudi kwa Ezra ili wayaangalie maneno ya torati zaidi. Siku ya kwanza walieleweshwa, siku ya pili wakarudi. Katika sura nzima hutamkuta mtu anayewakemea kwa kutosoma. Mchungaji wako anatafuta machozi, anayapata, na wiki inayofuata hakuna kilichobadilika, kwa sababu machozi ya aibu humfanya mtu ajifiche. Ukinong'ona naye kwa heshima, mwombe aache hayo mahubiri kwa muda. Hayasaidii, na yanawafanya watu waione Biblia kama daftari la madeni yao.

Sasa kalenda. Sidhani zilikufa kwa sababu ya uzembe wa watu. Piga hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukizigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na zaidi kidogo kila siku, bila siku hata moja ya ugonjwa, msiba au safari. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40. Ina maana msomaji mwaminifu, asiyeruka siku, anaifikia Mambo ya Walawi mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili unaanza yuko katika sadaka za kuteketezwa, mafuta ya figo, upele wa nyumba na hesabu za makabila, na hana mtu wa kumwambia hayo yanahusiana vipi na Mungu aliyemwona katika Mwanzo. Akiruka siku mbili tu, amechelewa sura sita, kesho zitakuwa tisa. Wale watatu waliobaki ndio wanaonishangaza. Watafute, kaa nao, waulize walivukaje. Hao ni hazina ya usharika wako na nitawarudia.

Walawi ni kitabu kikubwa, nakipenda, na siku moja utawafundisha watu wako siku ya upatanisho katika sura ya 16 na wataelewa msalaba kwa namna mpya. Lakini humpeleki mtu huko peke yake mwezi wa pili.

Badala ya kuanza na Biblia nzima, anza na kitabu kimoja kifupi, kisomwe chote, kwa sauti, mkiwa pamoja. Nimeyaweka mambo matatu hapo, na lile la kusoma kwa sauti ndilo linalosahaulika kuliko yote. Tunasema "soma Neno" tukimwona mtu mmoja, chumbani, kimya, na kitabu chake. Hilo ni jambo jema, lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya kanisa waumini wengi hawakuwa na nakala yao. Walisikia. Ufunuo 1:3 inambariki "asomaye na wao wayasikiao": msomaji mmoja, wasikiaji wengi. Paulo anawaagiza Wakolosai, katika 4:16, waraka wao ukiisha kusomwa kwao usomwe na kwa Walaodikia. Anamwambia Timotheo afanye bidii katika kusoma, na kusoma huko kulikuwa kusoma mbele ya watu. Vitabu hivi vingi viliandikwa kwa ajili ya masikio. Vikisomwa vizuri kwa sauti, nusu ya ugumu wake huondoka, kwa sababu sauti inaonyesha nani anasema, wapi anauliza, wapi ana hasira, wapi anabembeleza.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu, maana maneno ya jumla hayatakusaidia Jumatano jioni ukiwa na watu kumi mbele yako. Chukua waraka wa Paulo kwa Filemoni. Una mistari 25 tu, husomwa kwa dakika tatu. Mchague msomaji mapema, ajiandae nyumbani, ausome wote mara ya kwanza huku wengine wamefunga Biblia zao wakisikiliza tu. Kisha usomwe tena, Biblia zikiwa wazi. Halafu uliza maswali ambayo majibu yake yamo kwenye ukurasa.

Nani anaandika, na yuko wapi? Watasema Paulo, watasema kifungoni, na watakuonyesha, maana amelitaja mara kadhaa. Anamwandikia nani? Wote watajibu Filemoni. Waambie waangalie mstari wa 2. Wataona Afia, wataona Arkipo, na kisha "kanisa lililo katika nyumba yako." Subiri kidogo. Kuna mtu atalishtukia: kumbe barua hii ilisomwa mbele ya kanisa zima, nyumbani kwa Filemoni mwenyewe, naye amekaa hapohapo! Nimeona watu wakicheka kwa furaha wanapolitambua hilo, kwa sababu wanaijua vizuri hali ya kuombwa jambo mbele za watu.

Onesimo ni nani? Hapa mtu atasema kwa uhakika, "Ni mtumwa aliyeiba akatoroka." Usimsahihishe. Muulize tu: "Unaliona wapi hapa?" Watatafuta. Watafika mstari wa 16 na kuona kwamba ni mtumwa kweli. Watafika mstari wa 15 na kukuta ametengwa na bwana wake kwa muda. Watafika mstari wa 18 na kukuta Paulo anasema "kama": kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu. Wizi hautajwi waziwazi. Inawezekana uliwahi kuwapo, na wafasiri wengi wamelifikiri hilo, lakini sasa watu wako wamejua tofauti kati ya yaliyoandikwa na waliyoyasikia yakisimuliwa. Somo hilo moja lina thamani kuliko kukariri mistari kumi.

Kisha waulize Paulo anaombaje. Wataona katika mstari wa 8 na 9 kwamba angeweza kuamuru, akachagua kusihi kwa ajili ya upendo. Wataona anajitwika deni. Wataona mstari wa 22 anaomba awekewe mahali pa kukaa, yaani anakuja, na akija atajionea mwenyewe kilichofanyika. Mwishoni uliza: Filemoni alifanya nini? Waache watafute jibu, hawatalipata. Barua inaishia kwenye salamu. Hapo hakuna haja ya kuhubiri. Kila mmoja ana mtu wake aliyemkosea, na barua imeshamfikia. Mtu mmoja akiuliza kama Onesimo anatajwa mahali pengine, mwambie tu ajaribu Wakolosai sura ya 4, aje na jibu wiki ijayo. Ataifungua Biblia nyumbani usiku huohuo bila kalenda na bila kukemewa.

Swali lile, "Unaliona wapi hapa?", lifanye kuwa kanuni ya kikundi chako. Liulizwe kwa upole, na liulizwe kwa wote, kwa kijana na kwa mzee wa kanisa, hata kwako wewe mwalimu. Litafanya kazi mbili. Litamzuia yule mwenye maneno mengi anayehamia kwenye mahubiri yake kila akipewa nafasi. Na litampa ujasiri yule mama wa nyuma anayedhani Biblia ni ya wasomi, kwa sababu siku atakayouonyesha mstari ambao wote walikuwa wameuruka, atajua kwamba macho yake yanatosha. Kikundi kisizidi watu kumi na wawili. Zaidi ya hapo wanaanza kuwa hadhira, na hadhira humsubiri mchungaji.

Wewe mwenyewe zungumza kidogo. Hili ndilo gumu kwa mwalimu mwenye ujuzi. Mtu akiuliza swali, kishawishi ni kulijibu palepale na kwa kirefu, na ukilijibu umemfundisha kwamba majibu yako kwako. Lirudishe kwa kikundi kwanza, lirudishe kwenye maandishi. Kuna maswali ambayo kweli yanahitaji maelezo ya nje: mpakwa mafuta ni nani, Mafarisayo walikuwa watu gani, kwa nini Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Hayo yaeleze kwa sentensi mbili uendelee. Na lile usilolijua sema hujui, mtalitafuta. Watu hupumua wakisikia mwalimu akisema hivyo. Yule Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa mtu mkubwa, mwekahazina wa malkia, na Filipo alipomuuliza, "Je! Yanakuelea haya unayosoma?" alijibu bila aibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akampandisha Filipo garini akae pamoja naye. Filipo alianzia kwenye andiko lilelile alilomkuta akisoma. Hakumletea somo lingine.

Kitu kingine kinachowazuia watu wasielewe tumekileta sisi wenyewe: kukata mistari. Washirika wengi wanaijua Biblia kama mkusanyiko wa vipande vya kufariji. Wanavijua kweli, kwa moyo, na vimewabeba katika siku mbaya, wala sivitamkii neno baya. Ila mtu aliyezoea vipande akifungua sura nzima anapotea, kwa sababu anatafuta kipande kingine cha namna ileile na sura haikuandikwa hivyo. Inasaidia kuwaeleza kwamba sura tunazozitumia zilitiwa katika karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya tuliyonayo ni kazi ya mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Ni alama za kututafutia mahali. Luka hakuandika mistari, aliandika habari yenye mwanzo na mwisho.

Mfano ambao sijawahi kuuona ukishindwa ni Yeremia 29:11. Kila mtu anaujua: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Wasomee, kisha waombe warudi nyuma, waanze sura ya 28. Watakutana na nabii Hanania, anayesema mbele ya makuhani na watu wote kwamba nira ya Babeli imevunjwa, na ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi. Ujumbe mtamu huo. Yeremia mwenyewe anajibu Amina, BWANA na afanye hivyo, lakini baadaye anatumwa kumwambia Hanania kwamba amewatumainisha watu uongo. Ndipo inakuja barua ya sura ya 29 kwa watu walio uhamishoni: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani, ozeni wana wenu, utakieni amani mji ule niliowahamisha ninyi. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Waulize watu wako: mzee wa miaka 50 aliyeisikia barua hii Babeli alisikia nini?

Kutakuwa na kimya. Atafia huko. Wajukuu wake ndio watakaorudi. Na bado Mungu anamwambia yeye, leo, kwamba mawazo yake juu yao ni ya amani. Hapo kuwa mwangalifu, mwalimu, kwa sababu kuna mtu chumbani ambaye mstari huo ulimshika wakati wa ugonjwa au wa kufiwa, na asije akadhani umempokonya. Mwonyeshe kwamba umempa zaidi. Ahadi inayoweza kusimama kwa miaka 70 ya ugenini ina nguvu kuliko ile ya Hanania ya miaka miwili. Hilo haliwezi kuonekana mstari ukiwa peke yake.

Usipuuze mambo ya mwili. Baadhi ya wasiosoma hawaoni vizuri. Mzee anayesema hana muda, mara nyingine maandishi ya Biblia yake ni madogo kuliko macho yake, na hatakwambia. Tafuteni nakala chache za maandishi makubwa, ziwe za kanisa, ziazimwe. Wengine walisoma shuleni kidogo na kusoma kwa sauti mbele za watu ni mateso kwao. Usimpe mtu zamu ya kusoma bila kumwuliza faraghani, na kamwe usizungushe usomaji kwenye duara, mstari mmoja kila mtu. Utampoteza yule usiyetaka kumpoteza. Wengine hawajui kusoma kabisa. Kwa hao zipo Biblia za sauti kwenye simu, na ni Neno lilelile. Jambo zuri zaidi ni washirika wenyewe wenye sauti nzuri kurekodi sura ya wiki na kuituma kwenye kundi la simu la kanisa. Watu husikiliza sauti wanayoijua.

Na kama usharika unao watu wengi wasiojua kusoma, fundisheni kusoma. Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror kule Wales, aliona watu wake hawawezi kujibu maswali ya imani kwa sababu hawajui kusoma. Kuanzia miaka ya 1730 akapanga shule za kuhamahama: mwalimu anakaa mahali kwa miezi michache, wakati kazi za shamba zimepungua, anafundisha watoto na watu wazima kusoma Biblia kwa lugha yao ya nyumbani, kisha anahamia kwingine. Alipofariki mwaka 1761 waliopita katika shule hizo walikuwa zaidi ya 150,000. Hakuwafuata kwa lawama. Aliwafuata kwa somo, kwa saa waliyoiweza, kwa lugha waliyoielewa.

Kuhusu lugha, jambo moja tu. Wengi wetu tulilelewa na Union Version ya mwaka 1952, ina uzuri wake na ndiyo tuliyoikariri, lakini kwa kijana wa leo sentensi zake nyingi ni ngumu kuzifuata. Kwenye kikundi wekeni na Biblia Habari Njema pembeni. Mkikwama kwenye moja, someni nyingine. Msigombane ni ipi ya kiroho zaidi.

Watu huniuliza pia kuhusu mashindano ya maswali ya Biblia na zawadi. Kwa watoto yana furaha yake. Kwa watu wazima siyapendi. Yanampa heshima anayejua umri wa Methusela, na yanamfundisha asiyejua kunyamaza. Mtu anaweza kushinda mashindano hayo bila kuelewa kwa nini Yona alikasirika.

Na Yona ni kitabu cha pili ninachokushauri. Baada ya Filemoni nendeni Yona, sura nne, kisha Ruthu, nayo sura nne. Someni kila kimoja chote siku ya kwanza ili wajue kinakwenda wapi, kisha mrudi sura kwa sura. Hapo mtakuwa mmefika miezi miwili na nusu hivi, na kila mtu atakuwa amemaliza vitabu vitatu vya Biblia. Wengi wao watakuwa hawajawahi kumaliza hata kimoja. Usione hilo ni dogo. Mtu aliyemaliza kitabu hujiona ni msomaji. Ndipo muingie Marko, sura 16, sura mbili kwa wiki. Kabla ya kuanza, tafuteni jioni moja Marko isomwe yote kwa sauti kwa kupokezana wasomaji walioandaliwa. Huchukua kama saa moja na nusu. Watu hudhani hawataweza kukaa, wanakaa. Habari ile inakwenda mbio, "mara" hii, "mara" ile, hadi ghafla inapunguza mwendo karibu na msalaba, na hilo linasikika tu ikisomwa kwa mfululizo.

Mchungaji anahitajika sana, ila si kwa namna anayojaribu sasa. Mwombe mambo machache. Andiko la Jumapili ijayo litangazwe Jumapili hii, lisomwe vikundini kabla ya mahubiri, ili watu waje wakiwa na maswali tayari. Kama kanisa lenu linafuata kalenda ya masomo, mnajua maandiko mapema, itumieni. Ibadani andiko lisomwe na mtu aliyejiandaa, lisomwe refu kiasi cha kutosha kueleweka, na baada yake pawe na kimya kifupi. Anapohubiri asitaje mistari ishirini kutoka kila upande. Akae kwenye andiko moja, na kila anaposema jambo awaonyeshe limetoka wapi: "tazameni mstari wa 9." Akifanya hivyo watu watafungua Biblia bila kuambiwa, kwa sababu wanazihitaji ili kumfuata. Mahubiri yanayoweza kufuatwa Biblia ikiwa imefungwa huwafundisha watu kuifunga. Waberoya wa Matendo 17:11 waliyachunguza maandiko kila siku kuona kama mambo aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, na wakaitwa waungwana kwa hilo. Mchungaji anayewaalika watu wake wamchunguze hivyo atapata wasomaji.

Utajuaje kwamba mambo yanakwenda? Usihesabu sura. Sikiliza maswali. Mwanzoni yatakuwa ya aina ya "je, inaruhusiwa?" Baadaye yatakuja mengine: "kwa nini Naomi anasema hivi halafu baadaye anasema vile?" Mtu akibishana na mwenzake kuhusu mstari wakiwa njiani kurudi nyumbani, shukuru Mungu. Na wengine wataacha. Wakirudi baada ya mwezi wapokelewe bila kuulizwa walikuwa wapi. Kila kitabu kipya kiwe mlango wa kuingilia.

Wale watatu wa kalenda wafanye viongozi wa vikundi, mmoja kila kikundi, wakiandaliwa na wewe siku moja kabla. Wakae nawe juu ya andiko lilelile watakalolisoma na watu, waulizwe maswali yaleyale, wajifunze kunyamaza. Kalenda zilizobaki msizitupe. Ziwekeni ofisini, fuateni tarehe zenu wenyewe badala ya zilizochapwa, na mwape wale tu watakaomaliza Marko kisha wakaja kuuliza, "Sasa tusome nini?" Mkiwapa, wapeni wawili wawili, na waambieni wakifika Walawi waje kwako kabla hawajaanza sura ya kwanza.